Jinsi ya kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kuhusu haki na upendeleo

Somo la upendeleo huanza kabla hujafungua Biblia. Huanza pale unapouliza, "Nani atatuombea leo?" halafu jicho lako likaenda kwa yuleyule wa kila Jumapili: msomaji mzuri, mwenye viatu vinavyong'aa, mtoto wa mzee wa kanisa. Watoto wanaona. Siku utakayowafundisha Matendo 10:34, Petro akiwa nyumbani kwa Kornelio anakiri kwamba Mungu hana upendeleo, watakuwa na ushahidi wao tayari kuhusu wewe.

Kwa hiyo litengeneze darasa kwanza. Tafuta makopo mawili, hata yaliyokuwa ya maziwa ya unga. Andika jina la kila mtoto kwenye kikaratasi, vyote viingie kopo la kwanza. Kazi yoyote inayogombaniwa, iwe kuomba, kushika kapu la sadaka, kusoma mstari au kugawa kalamu za rangi, ipatikane kwa kuchomoa jina. Jina likishatoka linahamia kopo la pili, halirudi mpaka la kwanza liishe. Akija mtoto mgeni, andika jina lake hapohapo huku anakuangalia. Zamu ya kusoma ikimwangukia asiyejua kusoma, mnong'oneze mstari, naye autamke kwa sauti. Usimpe mwingine nafasi yake. Na kama una mwanao darasani, jina lake liwemo kama ya wenzake. Kumruka kila mara ili watu wasiseme ni kumwonea.

Ukishapanga hivyo, njoo na skonzi. Wagawe watoto wawili wawili, kila jozi skonzi moja na kisu butu. Sheria ni hii: mmoja anakata, mwenzake ndiye anachagua kwanza. Kisha kaa kimya utazame. Mtoto wa miaka 8 ambaye nyumbani hukata bila kuangalia, hapa atapima kwa kidole gumba, ataigeuza skonzi, atainama aitazame kwa ubavu. Wengine wakishakata wanamegua chembe kwenye kipande kikubwa na kuibandika kwenye kidogo. Wakimaliza kula uliza: "Kwa nini mlikata kwa uangalifu hivyo?" Watakuambia wenyewe kwamba ni kwa sababu anayechagua ni mwingine. Hapo fungua Mathayo 7:12, wala hutahitaji kueleza sana.

Yakobo 2:1-9 ndiyo kiini cha somo: tajiri mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame kule au akae chini. Walimu wengi hulifanya igizo hili kwa kuwatumia watoto: wenye kadi nyekundu wanakalishwa kwenye viti na kupewa pipi, wenye kadi za bluu wanasimama nyuma. Mimi silipendi. Kuna mtoto ambaye maisha yake yote yamekuwa ya kusimama nyuma, na ukimpa kadi ya bluu unamrudishia aibu yake mbele za wenzake. Tumia vijana wawili wa kwaya. Mmoja aingie na koti na pete, mwingine bila koti wala pete, basi. Usimvalishe huyo wa pili matambara, wala nguo zenye saruji, wala kumbebesha kiroba. Darasani yumo mtoto ambaye baba yake hutoka kazini hivyohivyo. Wewe mwalimu uwe ndiye mpokeaji: mkimbilie mwenye koti, mshike mikono miwili, futa kiti kwa kitambaa, huyu mwingine mwelekeze mlangoni bila kumtazama. Mara nyingi hutafika mwisho wa igizo kabla mtoto hajapiga kelele, "Mwalimu, na yule?" Mwachie huyo aliyeuliza aende kumleta mgeni akae.

Kwenye habari za Yusufu, tumezoea kuwakemea ndugu zake kwa wivu, na kosa lao ni kubwa kweli: walimuuza kijana wa miaka 17 kwa vipande 20 vya fedha. Lakini anza mbali zaidi. Mwanzo 25:28 inasema Isaka alimpenda Esau, na Rebeka mkewe akampenda Yakobo, ambaye ndiye baba yake Yusufu. Yakobo akakulia kwenye nyumba iliyogawanyika, naye akaigawa yake. Kabla ya ile kanzu aliyompa Yusufu kuna jambo ambalo watoto hulishika upesi ukilichora ubaoni: kwenye Mwanzo 33, alipoogopa kwamba Esau angewashambulia, Yakobo aliwatanguliza mbele vijakazi na watoto wao, akafuata mkewe Lea na wanawe, na Raheli, mke aliyempenda zaidi, pamoja na Yusufu wakawa wa mwisho. Waulize watoto wako: wale waliowekwa mbele walijisikiaje? Usiwaulize, "Nyumbani kwenu nani anapendwa zaidi?" Wapo wanaoishi na shangazi au mama wa kambo, na swali hilo halijibiki mbele za watu. Mtoto akilisema mwenyewe, mpokee, kisha zungumza naye kando baada ya kipindi.

Wakubwa wa miaka 10 na kuendelea wape Walawi 19:15. Pale hakimu anakatazwa kumpendelea maskini na kumstahi mkubwa, vyote viwili. Kumwonea huruma mtu hakumaanishi kumpa ushindi asiostahili, na watoto wanaocheza mpira watakuwa na mifano mingi ya refa.

Kwetu Walutheri kipimo kikubwa huja mwezi wa Septemba, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambapo watoto ndio wanaoongoza ibada. Hapo wazazi watakufuata: "Mwalimu, mwanangu mpe shairi, nimeshamshonea gauni." Wajibu kwa heshima na mapema. Tangaza siku ya kwanza ya mazoezi kwamba kila anayetaka shairi atajifunza beti uliyoitoa, na wote watakaoiweza wataingia kwenye kura. Mwenye kigugumizi anayetaka kujaribu, mpe muda uleule bila kumkatisha. Anayekaa mbali na kukosa mazoezi ya Jumamosi, mfanyishe mazoezi Jumapili baada ya ibada. Ngonjera ina nafasi za wengi, kwa hiyo iandike iwe na sauti za kutosha ili asibaki mtoto wa kushangilia tu.

Kila kipindi kikiisha, kabla hujafunga mlango, andika kwenye daftari majina uliyoyaita. Mtoto akikuambia, "Mwalimu, unampendelea fulani," usimkaripie. Mshukuru, lifungue daftari mbele yake, mhesabu pamoja.