Somo: nguvu bila vyuma, kwa ukuta na leso (kanga) kuukuu

Mazoezi ya aisometriki ni yale unayokaza msuli kwa bidii lakini kiungo hakikunjiki wala hakinyooki. Unasukuma kisichosukumika, unavuta kisichong'oka, au unashikilia uzito pale pale. Mwenye mkokoteni anayeuzuia kwenye mteremko wa feri Likoni anafanya zoezi hilo hilo: mikono haiendi popote, ila muulize mabega yake jioni.

Si jambo la jana. Alexander Zass, aliyezaliwa 1888, alishikwa mateka katika Vita vya Kwanza vya Dunia akawa anajizoeza kwa kuvuta minyororo na nondo za gerezani. Mwaka 1953 Wajerumani Hettinger na Müller wakaandika kwamba kukaza kwa sekunde sita tu kila siku, kwa theluthi mbili ya nguvu zako, kunatosha kuongeza nguvu. Waliopima baada yao hawakuona faida kubwa kiasi hicho, lakini faida waliiona.

Kabla ya hatua, neno kwa vijana wa ufuko wa Mama Ngina hapa Mombasa wanaoshindana nani atakaa planki (kujinyoosha kifudifudi juu ya viwiko na vidole vya miguu) muda mrefu. Ile ni stahamala, nayo ni nzuri, lakini si nguvu. Kitu unachoweza kukishikilia dakika tatu ni chepesi mno. Nguvu huja kwa kukaza karibu na mwisho wa uwezo wako, kwa muda mfupi.

Hatua ya 1. Pasha mwili dakika tano: zungusha mabega na nyonga, chuchumaa na kuinuka. Joto la Mombasa lisikudanganye, kutokwa jasho si kupasha viungo.

Hatua ya 2: leso. Chukua leso kuukuu (ukichukua ya doti mpya utajibizana na wenyewe) au kikoi kizito, kiisokote kwa urefu kiwe kama kamba. Ikanyage katikati kwa miguu yote miwili, shika ncha mbili, kunja magoti na nyonga, mgongo unyooke. Sasa vuta juu. Usivute kwa mshtuko, maana hapo ndipo migongo huumia na leso huchanika. Ongeza nguvu polepole kwa sekunde mbili tatu, kisha vuta kwa juhudi yote sekunde tano au sita, halafu legeza polepole pia. Pumzika dakika moja au mbili. Mara nne au tano zatosha.

Hatua ya 3: badilisha pembe. Hapa ndipo wengi hukosea. Nguvu unayopata kwa aisometriki hukaa zaidi karibu na pembe uliyoizoeza. Ukivuta ukiwa karibu kunyooka tu, ukiinama kuokota gunia bado utakuwa dhaifu pale chini. Kwa hiyo zungushia leso mkononi ifupike, uvute ukiwa chini. Ifungue kidogo, uvute katikati. Ifungue tena, uvute juu. Huna muda wa zote tatu? Chagua ile ambayo msuli umevutika zaidi, maana nguvu ya hapo huenea kwenye pembe nyingine vizuri kuliko ya msuli uliofupika.

Hatua ya 4: ukuta. Simama ukiutazama, viganja usawa wa kifua, viwiko vimekunjwa, mguu mmoja nyuma, sukuma kwa mtindo ule ule wa sekunde. Kuta za matumbawe za Mji wa Kale hazisogei, ila chokaa itakubaki mkononi. Kisha geuka, egemeza mgongo, shuka kama uliyekaa kitini.

Hatua ya 5: pumua. Ukibana pumzi huku umekaza, presha hupanda ghafla. Hesabu kwa sauti: anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati.

Maswali ya wanachama

Hamali wa Marikiti: Kocha, mimi nabeba magunia kutwa. Nahitaji haya?

Mgongo na vidole vyako vimeshapata haki yao, bwana. Kinachokosekana ni kusukuma, kwa hiyo fanya hatua ya 4 tu. Leso iache siku za kazi.

Mama wa Kisauni: Nina presha, natumia dawa. Nijaribu?

Shikamoo mama. Mwaka 2023 jarida la *British Journal of Sports Medicine* lilitoa uchambuzi uliokusanya majaribio 270, na aisometriki ndiyo iliyoshusha presha ya mtu aliyetulia kuliko aina nyingine za mazoezi, hasa kule kukaa ukutani. Lakini hapo si kukaza kwa nguvu zote. Kilichozoeleka ni kukaa dakika mbili mara nne, na mapumziko katikati, mara tatu kwa wiki. Usishuke sana, magoti yasiteseke. Muulize daktari wako kwanza, na dawa usiache.

Binti wa Tudor: Ramadhani je?

Saa moja hivi baada ya futari, au baada ya tarawehe. Mchana unaweza, ila sikushauri ukaze kwa nguvu zote ukiwa na kiu.

Dereva wa tuktuk: Ukuta hausogei. Nitajuaje kama naendelea?

Swali zuri, na ndio udhaifu wa mazoezi haya: kwenye vyuma unahesabu kilo, hapa huoni kitu. Tafuta mizani ya mshale ya kupimia uzito wa mwili, iegemeze ukutani, uisukume kwa viganja huku mwenzio akisoma mshale. Ikiwa wima haisomi sawasawa, lakini wewe unalinganisha na mwezi uliopita tu.

Dereva wa tuktuk: Na nisipokuwa na mizani?

Hesabu pushapu kila mwisho wa mwezi, asubuhi kabla hujatoa tuktuk, kifua kikishuka hadi karibu na sakafu. Zile za nusu usizihesabu.