Kupachika chembe cha mshale cha Kimongolia bila kuupasua mti

Juzi nilimsaidia kijana mmoja aliyepasua mishale mitatu mfululizo. Vyembe vyake, yaani ncha za chuma, vilikuwa vizuri, kosa lilikuwa kwenye upachikaji. Chembe cha Wamongolia wa karne ya 13 hakivalishwi juu ya mti wa mshale. Kina mkia unaozama ndani yake.

1. Fua. Mimi hutumia springi kuukuu ya gari: bapa pana, bega, kisha mkia wa sentimita 5 unaochongoka.

2. Koleza. Giovanni da Pian del Carpine, mtawa aliyetumwa na Papa na kufika kwa Wamongolia mwaka 1246, anasema vyembe vyao vilichovywa kwenye maji ya chumvi vikiwa vya moto. Springi usiifanyie hivyo, itaingia nyufa. Chovya bapa tu kwenye mafuta, kisha lipashe hadi ligeuke samawati na tupa, kile chuma cha kunolea, ianze kushika. Carpine huyohuyo anasema hawakukosa tupa kwenye podo.

3. Tundu. Hapa nilipoteza siku nzima na miti kumi. Kwanza funga uzi, ukikaza sana, kwenye ncha ya mti, ndipo utoboe. Tumia keekee ya mkono; ya umeme hufuata nyuzi za mti na kutokea ubavuni kabla hujashtuka. Tundu liwe jembamba kuliko mkia. Sasa funika bapa kwa kitambaa kibichi lisipoteze ukali, pasha mkia, lakini usiufikishe kwenye wekundu, usukume ndani, hesabu mbili, chomoa. Moshi ni sawa. Ukiona mwali, umezidisha: tundu litajaa mkaa na chembe kitacheza. Kung'uta, rudia, mkia ukae upande uleule kila mara. Bega lisipogusa mti, acha kila kitu urudie, hata kama pengo ni la unene wa ukucha. Mshale ukigonga, mkia hugeuka kabari, na ndivyo ile mitatu ilivyopasuka. Kabla ya gundi, viringisha mshale ukingoni mwa meza: ncha ikichora duara, rekebisha sasa.

4. Tia gundi, kisha zungushia kano ya ng'ombe iliyolowekwa. Iache siku mbili. Gundi ya ngozi naipenda kuliko ya dukani, kwa sababu ukiipasha moto chembe hutoka salama.

5. Kama ni cha mkusanyaji, gonga mwaka uliokifua karibu na bega. Usikitie kutu ya bandia. Kesho kitauzwa kama cha kale.