Kutoka kwenye Jina la Dawa hadi Mwongozo wa Matibabu

Kanzidata ya dawa hueleza dawa yenyewe, yaani dozi, madhara na mwingiliano wake na dawa nyingine, ilhali mwongozo wa matibabu huanza na ugonjwa na kueleza mgonjwa yupi apewe dawa ipi kwanza. Hata hivyo, kanzidata ikisomwa vizuri hufikisha mtafutaji kwenye mwongozo haraka.

Tafuta kwa jina la kimataifa la dawa badala ya jina la kibiashara, na ukumbuke kwamba vyanzo vya Marekani huita parasetamoli acetaminophen na salbutamoli albuterol. Asiyejua hilo hudhani dawa haimo.

Tuchukue metformini kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya 2 mwenye figo dhaifu. DailyMed, kanzidata isiyolipiwa ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, huonyesha maelezo rasmi ya dawa. Katika sehemu ya vizuizi utasoma kwamba metformini haitumiki ikiwa kiwango cha uchujaji wa figo (eGFR) kiko chini ya 30, na katika tahadhari kwamba haishauriwi kuianzisha kati ya 30 na 45. Hapo umejua mipaka ya dawa, lakini hujajua kama ndiyo inayofaa kutangulia, wala kama iongezewe nyingine. Chukua basi jina la ugonjwa, si la dawa peke yake, uliingize PubMed, kanzidata ya makala za utafiti wa tiba, kisha kwenye vichujio vya aina ya makala uchague miongozo ya tiba. Utaufikia mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, wa mwaka 2022, unaopendekeza metformini kwa wenye eGFR ya 30 au zaidi, na dawa za kundi la vizuizi vya SGLT2 (zinazofanya figo zitoe sukari kwenye mkojo) kuanzia eGFR ya 20. Pendekezo la kwanza limewekewa alama 1B na la pili 1A: tarakimu huonyesha uzito wa pendekezo, herufi huonyesha uhakika wa ushahidi. Alama hizo, ambazo wengi huziruka, kwa maoni yangu zina thamani kuliko aya nzima ya maelezo.

Wenye akaunti ya UpToDate au Micromedex, huduma za kulipia za taarifa za tiba na dawa, wasiishie kwenye muhtasari, bali wafuate marejeo hadi waraka asilia. NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, na Shirika la Afya Duniani hutoa miongozo yao bure. Viungo vinavyoelekeza National Guideline Clearinghouse, hifadhi ya miongozo ya Marekani, viache, kwa kuwa ilifungwa mwaka 2018.

Kabla ya kuutumia mwongozo, soma tarehe yake, uangalie kama umebadilishwa na toleo jipya, na uhakikishe kuwa unawahusu wagonjwa wa umri na hali ya mgonjwa wako, kwani mwongozo wa watu wazima haupunguziwi dozi tu ukawa wa watoto. Mwongozo huo ukitofautiana na wa taifa, wa taifa ndio utangulie, hasa kwa viuavijasumu, maana usugu wa vimelea hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ukiamua kuuacha wa taifa, andika sababu kwenye faili la mgonjwa, pamoja na jina la mwongozo ulioufuata na mwaka wa toleo lake.