Nyumba ya kuishi kuwa ya fellowship ya wanachuo: anzeni hivi

Tuseme mmepata nyumba Chumbageni hapa Tanga, mnataka wanachuo wasali pamoja na kujisomea hapo. Msihamishe viti kwanza! Angalieni hati, kama imeandikwa makazi basi inabidi kuomba kubadili matumizi ya ardhi, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ndo inavosema, na anayeomba ni mwenye nyumba sio nyinyi wapangaji, kwaiyo kama hataki tafuteni nyingine mapema.

Akikubali, nendeni naye ofisi ya mipango miji pale halmashauri ya jiji mkiwa na barua yake ya maombi, kopi ya hati na risiti za kodi ya ardhi, hakikisheni hazina deni. Kutakuwa na tangazo ili mwenye pingamizi aseme.

Sasa majirani, hapa ndo nawasihi sana. Pigeni hodi nyumba kwa nyumba kabla tangazo halijabandikwa, salimieni wazee, semeni mtakesha siku gani na spika zitakaa wapi, maana mtu akilisikia jambo kwenye karatasi anakasirika hata kama angekubali, na kelele zikizidi NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, wanaweza kuja.

Mkitaka kuvunja ukuta, kibali cha ujenzi ni ombi lingine kabisa.