Kuchagua brauza ya chanzo huria kama unajali faragha: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wengi wakishasikia brauza ni ya chanzo huria wanapumua, wanaona basi faragha ishapatikana. Bado. Leseni inakwambia tu kwamba msimbo uko wazi, anayetaka akausome, haikwambii brauza inatuma nini ukiifungua, na tusidanganyane, hakuna mtu anakaa kusoma mamilioni ya mistari ndo ainstoo. Mimi leseni naiangalia dakika moja, muda unaobaki naumalizia kwenye mambo matatu: hela inatoka wapi, apdeti zinafika haraka kiasi gani, na ikiwashwa mara ya kwanza inaongea na nani.

Hatua ya 1: Jua unamficha nani

Ukiruka hapa kila kitu kitakachofuata ni kubahatisha. Kampuni za matangazo zinazokufuata tovuti hadi tovuti ni tatizo moja, mtoa huduma wako wa intaneti au IT wa ofisini ni tatizo lingine kabisa, na mtu mnayetumia naye kompyuta ni la tatu. Brauza nzuri inasaidia sana kwa yule wa kwanza, kwa wa pili inasaidia kidogo, na wa tatu unammaliza kwa kutenganisha akaunti na kuweka nywila.

Hali fiche (Incognito) haibakizi kwenye mashine yako historia ya ulichoperuzi humo, basi. Tovuti bado inakuona, mtoa huduma bado anakuona. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa ajili hiyo hiyo, na mwaka 2024 kwenye makubaliano wakakubali kuharibu data iliyokusanywa watu wakiwa kwenye hali fiche ya Chrome.

Hatua ya 2: Angalia shina lake

Majina ni mengi ila mashina, yaani msimbo wa msingi ambao brauza zinajengwa juu yake, ni machache. Chromium (mradi wa Google, msimbo wake uko wazi tangu 2008) ndo imezaa Brave, Vivaldi, Edge na wengine kibao. Angalia hapa watu wanachanganya: Chromium ni huria, Chrome yenyewe siyo, imejengwa juu ya Chromium halafu Google wakaongeza vya kwao. Vivaldi nayo sura yake siyo huria ingawa shina ni huria. Upande wa pili kuna Firefox ya Mozilla, na waliotoka kwake ni LibreWolf, Tor Browser na Mullvad Browser.

Kama uko kwenye iPhone usihangaike sana na suala la shina, karibu zote zinalazimika kutumia WebKit, injini ya brauza ya Apple, isipokuwa maeneo machache kama Umoja wa Ulaya, ambako Apple walilegeza mwaka 2024.

Hatua ya 3: Fuata hela

Brauza ni ghali kuitunza, mtu analipa. Mozilla sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwa Google, ili Google iwe ndo injini ya kutafutia unayoikuta ukifungua. Hiyo haiifanyi Firefox kuwa mbaya, mimi mwenyewe natumia, ila inakueleza kwa nini setingi unazozikuta siyo kali kama unavyotaka. Mwaka 2024 toleo la 128 lilikuja na kipimo cha matangazo kikiwa kimewashwa tayari, walisema kimetengenezwa kulinda faragha, watu wakakasirika kwa sababu hawakuulizwa. Februari 2025 wakabadilisha masharti na kuondoa ile ahadi yao ya kutouza data, kelele zikawa nyingi mpaka wakarekebisha maneno.

Brave nao wana matangazo yao na mambo ya kripto. Juni 2020 iligundulika ukiandika anwani ya soko moja la kripto, brauza inajazia yenyewe kiungo chenye alama maalum ya kuwaingizia Brave kamisheni. Waliomba radhi wakaizima. Kwa vile msimbo uko wazi watu waliingia wakaona wenyewe orodha nzima ya kampuni zilizowekwa humo, na hapo ndo unaona faida ya chanzo huria, lakini pia ona kwamba ilikuwa ishafika kwa watumiaji kabla mtu hajashtuka.

Miradi ya kujitolea isiyo na hela yoyote haina kishawishi hicho, ila ina shida nyingine, tunaenda nayo.

Hatua ya 4: Apdeti

Hapa mimi sina mjadala. Brauza isiyotuma data hata chembe lakini imebaki na tundu la usalama la wiki tatu zilizopita ni mbaya kuliko Firefox ya kawaida. Fungua ukurasa wa matoleo wa mradi, linganisha tarehe na za shina lake, Firefox au Chromium ikitoa marekebisho ya usalama hawa wengine wanachukua muda gani? Siku moja mbili sawa. Wiki kadhaa, achana nayo. Angalia pia kama inajiapdeti yenyewe au ni wewe ukumbuke. Na miradi midogo inakufa, Mull ya Android ilipendwa sana, mwisho wa 2024 ikasimamishwa, aliyebaki nayo anatumia kitu kisichozibwa tena.

Hatua ya 5: Ipime mwenyewe

Hii ndo hatua ninayoipenda, na watu wengi wanairuka kwa kudhani ni ya wataalamu. Siyo.

Kwenye Android weka PCAPdroid, app inayorekodi simu inaongea na seva zipi, haihitaji kuruti simu (kufungua mamlaka ya juu ya mfumo), chagua brauza unayoipima peke yake, anza kurekodi, halafu ifungue na usiguse chochote dakika tano. Kwenye kompyuta tumia Wireshark, programu ya kurekodi trafiki ya mtandao, funga programu zingine zote, kwenye kichujio andika `dns` (DNS ndo inageuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva). Kama brauza inaficha maulizo yake ya DNS (nyingi siku hizi zinafanya hivyo) hutaona kitu, kwa hiyo tumia kichujio hiki: `tls.handshake.extensions_server_name`, kitakuonyesha majina ya seva nyingi inazozipigia.

Sasa usije ukaona orodha ukapaniki. Kwa Firefox mpya utakutana na `detectportal.firefox.com`, inaangalia tu kama uko kwenye Wi-Fi ya kulogin. `aus5.mozilla.org` ni apdeti, hiyo unaitaka. `incoming.telemetry.mozilla.org` ndo takwimu za matumizi, hiyo tunaizima. `safebrowsing.googleapis.com` inawashtua wengi kwa sababu ni Google, lakini inashusha orodha ya tovuti hatari na kulinganisha humo humo kwenye mashine yako, ikipata inayofanana inatuma kipande kidogo cha heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye anwani), siyo anwani nzima. LibreWolf wameizima kabisa. Kama unamwekea mzazi au mtu anayebonyeza kila kiungo anachotumiwa, mimi ningeiacha.

Ukiona jina usilolijua kabisa, litafute kwenye msimbo wa mradi. Hapo ndo uhuria unakulipa, maana kwenye brauza iliyofungwa ungeishia kukisia.

Hatua ya 6: Setingi

Kwa Firefox andika `about:preferences#privacy` kwenye sehemu ya anwani. Weka ulinzi dhidi ya ufuatiliaji kwenye kiwango kikali, zima vyote vya kutuma takwimu na majaribio, washa HTTPS pekee (tovuti zifunguke kwa muunganisho uliofichwa tu). Halafu nenda kwenye utafutaji uzime mapendekezo, kwa sababu yakiwashwa kila herufi unayoandika pale juu inaenda kwa injini ya kutafutia kabla hujabonyeza kitu, hata ukifuta usitafute. Hilo lipo karibu kwenye brauza zote.

Kuna watu watakwambia uingie `about:config` uwashe `privacy.resistFingerprinting`, inayojaribu kuzuia brauza yako isitambulike kwa sifa zake. Jaribu, ila ujue saa kwenye tovuti zitakuwa za ajabu na baadhi ya picha na ramani zitavurugika, usije ukalaumu brauza.

Ekstensheni (vikolombwezo vya kuongezea brauza) weka chache mno. uBlock Origin, inayozuia matangazo na wafuatiliaji, inatosha watu wengi, na hapa Firefox inashinda kwa sababu Chrome wamebadilisha mfumo wa ekstensheni, uBlock Origin kamili haikubaliki tena kule, imebaki ile nyepesi. Kila ekstensheni inayoomba kusoma data ya tovuti zote ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba. The Great Suspender, ekstensheni ya Chrome, ilikuwa ya chanzo huria na watu waliiamini, mwenyewe akaiuza 2020, mmiliki mpya akaingiza uchafu, Februari 2021 Google wakaiondoa.

Na kadiri unavyoongeza vikolombwezo ndivyo unavyozidi kuwa wa kipekee. Utafiti wa 2010 wa EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, ulikuta asilimia 83.6 ya brauza walizopima zinatambulika kwa fonti, skrini na vitu kama hivyo tu, bila kuki. Ndo maana Tor Browser na Mullvad Browser wanataka watumiaji wote wafanane. Ukitumia hizo usiongeze kitu wala usizichokonoe setingi. Tofauti yao: Tor inapitisha trafiki kwenye mtandao wa Tor (unaizungusha kwenye seva kadhaa kuficha IP yako), Mullvad haipitishi, IP yako inabaki ile ile mpaka uweke VPN.

Hatua ya 7: Kuhama

Usihame siku moja. Weka mpya kwa ajili ya kuperuzi, ya zamani ibaki na benki na kazi, ukizoea ndo umalizie. Ukihamisha nywila kwa faili la CSV kumbuka lile faili halijafungwa kwa chochote, yeyote akilifungua anazisoma zote, kwa hiyo ukishaingiza tu lifute na kwenye pipa la taka pia, na kama folda yako ya vilivyoshushwa inajinakili kwenye klaudi nenda ukalifute na huko. Halafu ingia kwenye akaunti ya brauza ya zamani ufute data iliyosawazishwa, maana kuondoa programu kwenye mashine hakugusi kilichoko kwenye seva zao.