Jinsi ya Kutambua Valvu Iliyochoka Kabla ya Kununua Nyingine

Amplifaya za valvu, yaani zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo isiyo na hewa, zinazoletwa kwa mafundi hapa Mombasa huja na hukumu tayari, kwamba valvu zimekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni mguso baina ya miguu ya valvu na soketi, kwa kuwa hewa ya bahari yenye chumvi huvitia kutu polepole. Valvu huagizwa kutoka nje na bei yake si mchezo, basi chunguza kwanza. Mfano wetu ni EL84, aina mojawapo ya valvu.

Hatua ya 1. Chomoa waya wa umeme, subiri, kisha uhakikishe kwa mita kwamba kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme, zimeisha chaji. Volti 250 na zaidi hubaki humo, nazo huua.

Hatua ya 2. Tazama kioo. Doa la rangi ya fedha kileleni ni bariamu iliyowekwa kiwandani ili inyonye mabaki ya hewa. Likiwa jeupe pe, hewa imeingia na valvu hiyo haina dawa. Mwanga wa buluu unaotanda kwenye kioo usikutishe.

Hatua ya 3. Safisha miguu na soketi kwa spiriti, acha zikauke, kisha washa usikilize tena. Kwa wengi tatizo huisha hapa.

Hatua ya 4. Amplifaya ikiwa imewashwa, pima volti za kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Valvu huzeeka kwa sababu utando wa oksidi za bariamu na strontiamu uliopakwa kwenye kathodi hupoteza uwezo wa kutoa elektroni. EL84 yenye volti 250 kwenye anodi (bamba linalopokea elektroni) na kwenye gridi ya pili (mojawapo ya nyavu zilizo kati ya kathodi na anodi), na rezista ya omu 135 kwenye kathodi, hupitisha jumla ya miliampea 53 hivi, kwa hiyo mita husoma takriban volti 7.2. Ikisoma 4, ilhali volti nyingine ni sahihi na rezista ni nzima, valvu imechoka.

Hatua ya 5. Hii ndiyo inayorukwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoponza valvu mpya. Pima gridi ya kwanza, wavu unaopokea sauti na kudhibiti mkondo: inapaswa kusoma sifuri. Ukikuta volti chanya, zima, chomoa valvu, washa kwa muda mfupi tu, upime tena. Volti zikibaki, kapasita inayoleta sauti kwenye gridi inavuja, na valvu yoyote utakayoiweka itapitisha mkondo kupita kiasi hadi anodi iive nyekundu. Zikitoweka, kasoro imo ndani ya valvu yenyewe, kwa kawaida gesi.

Hatua ya 6. Pima filamenti, waya unaopasha kathodi joto; zinatakiwa volti 6.3. Umeme wa Kenya ni volti 240, na transfoma iliyopangwa kwa 220 hutoa karibu 6.9, joto linalomaliza bariamu ya kathodi kabla ya wakati wake. Kama nyuma ya chombo kuna swichi ya kuchagua volti, iweke kwenye 240 ndipo uchomeke valvu mpya.