Kabla hujaumia, uliza kama wameifungua

Ujumbe wa kwanza wa kunikataa niliusoma nikiwa nimesimama kwenye daladala la Tabata, Ijumaa, saa kumi na moja kasoro jioni. "Asante kwa kuomba. Kazi zako hazijafikia kiwango tunachohitaji." Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu nipate pa kuandikia, nikamjibu yule kaka aya nne kwenye WhatsApp. Nilimweleza kwamba nina miaka mitano kwenye dizaini, nikamtajia wateja, nikamalizia kwa kumwambia kwamba mabango ya kampuni yake mwenyewe hayasomeki. Mwaka uliofuata nikaitwa kwenye usaili ofisi nyingine kabisa. Naingia, mmoja wa watu watatu waliokaa upande wa pili wa meza ni yeye. Alinisalimia kwa heshima zote. Ile nafasi sikuipata.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia wadogo zangu wanaotafuta kazi za dizaini, picha, uhuishaji au uandishi wa matangazo ni hili: jibu linalokukatisha tamaa usilijibu siku hiyohiyo. Lisome, weka simu mfukoni, fika nyumbani, kula. Maumivu yapo na ni halali, maana kazi ya ubunifu mtu anaifanya kwa macho yake na usingizi wake, na ikikataliwa unaona umekataliwa wewe. Lakini barua ya hasira inakaa kwenye simu ya mwenzako miaka mingi kuliko hasira yenyewe.

Kesho yake asubuhi chukua daftari. Mimi nilinunua kauntabuku ya kwaya mbili, nikachora safu tano: tarehe, nimemtumia nani, nimetuma nini, wamejibu nini kwa maneno yao wenyewe, na je, aliyejibu ameifungua kazi yangu? Hiyo safu ya mwisho ndiyo iliyonisaidia kuliko nyingine zote. Kuna mtu anayekukataa baada ya kuiona kazi yako, na kuna mtu anayekukataa hata hajaigusa. Maneno yao yanaweza kufanana neno kwa neno, ila dawa zake ni tofauti kabisa. Ukiwachanganya hao wawili utakuwa unabadilisha mtindo wako kila wiki kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kuuona.

Katika miezi 14 nilituma maombi 43. Hesabu yangu ilisimama hivi: 26 kimya, 10 "hatuna nafasi" au "hatuna bajeti", 5 walizungumzia kazi yenyewe, 2 walitaka sampuli. Yaani watu niliokuwa na hakika kwamba walikaa wakazitazama kazi zangu na kuzipima walikuwa watano tu. Nami nilikuwa nimelia kwa ajili ya wote 43.

Kimya

Kimya ndicho jibu linalouma polepole, kwa sababu unalijaza mwenyewe maneno. Mimi nilikuwa nalijaza hivi: wameona, wamecheka, wametupa. Ukweli niliupata kwa bahati. Binti wa shangazi yangu anafanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja, nikamwomba anisaidie kuchapisha nakala ya kazi zangu. Akanipigia: "Dada, hii inaniambia niombe ruhusa."

Potifolio yangu, yaani mkusanyo wa kazi zangu, ilikuwa PDF ya MB 61, kazi 38. Kwa kuwa barua pepe ya kawaida haibebi faili zito hivyo, Gmail ikiishia MB 25, nilikuwa nimeipandisha kwenye Google Drive na kutuma kiungo. Kiungo cha Drive usipobadilisha ruhusa yake kinabaki kimefungwa, anakiona mwenye ruhusa tu. Niliporudi kukagua, maombi 17 nilikuwa nimeyatuma na kiungo kilekile kilichofungwa. Watu 17 walibonyeza, wakakuta mlango, wakaendelea na siku yao. Au hawakubonyeza kabisa.

Basi kabla hujaamini kwamba kimya ni hukumu, kagua faili lako. Liwe PDF moja, chini ya MB 5, picha za kutosha kusomeka kwenye kioo (pikseli 150 kwa inchi zinatosha, 300 ziachie mashine ya kuchapa). Kazi nane, zisizidi kumi. Jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba, si "final final 3". Halafu mtumie mtu mwenye simu ya bei ndogo na bando la kubana, umwambie afungue akiwa kwenye foleni. Likimchukua zaidi ya dakika moja, hata mwajiri hatasubiri.

Baada ya hapo fuatilia. Ninangoja siku saba za kazi, na ninafuatilia mara mbili tu. Ujumbe wangu ni huu, uuchukue kama ulivyo:

"Habari za kazi. Tarehe 4 niliwatumia maombi ya nafasi ya dizaina pamoja na kazi zangu nane. Naomba tu kuthibitisha kama faili linafunguka upande wenu. Kama linasumbua nitalituma kwa njia nyingine. Asanteni."

Hapo hujauliza kama wamekupenda. Umeuliza swali ambalo hata katibu muhtasi anaweza kulijibu bila kumwuliza bosi, na ili akujibu inabidi alifungue. Ukipendelea kupiga simu, usipige Jumatatu asubuhi wakiwa kwenye kikao, wala Ijumaa mchana watu wakielekea msikitini. Jumanne hadi Alhamisi, saa nne, nimeona inafaa.

"Hatuna nafasi kwa sasa"

Hili jibu mara nyingi ni kweli tupu. Shukuru kwa sentensi mbili, uliza kama unaweza kuwatumia kazi mpya baada ya miezi mitatu, andika tarehe kwenye daftari, songa mbele. Vivyo hivyo kwa "tunataka uzoefu wa miaka mitatu" au "mshahara unaotaka hatuuwezi". Hayo yanahusu mfuko wao na karatasi zao. Usikae nayo usiku kucha.

"Kazi zako ni za kadi tu"

Hapa ndipo pa kukaa. Nilianzia Kariakoo, kwenye duka la stationari, kwenye kiti cha plastiki na kompyuta moja tuliyopokezana wawili. Kadi za mchango, kitchen party, send-off, harusi, tangazo la tanzia, kalenda ya kikundi. Miaka mitano. Kwa hiyo mwajiri mmoja alipofungua kazi zangu mbele yangu, akapitisha kurasa haraka, akasema "hizi ni za kadi tu, hiki ni kiwango cha Kariakoo," nilihisi ametukana chakula nilichokula.

Lakini yeye alikuwa ameifungua. Kwenye safu ya tano niliandika "ndiyo". Na mtu aliyeifungua anastahili kusikilizwa hata kama ulimi wake ni mkali.

Nilimpelekea yale maneno fundi mmoja wa mashine ya kuchapa, mzee ambaye sote tulimwita Babu. Alishika potifolio yangu iliyochapishwa, akaigeuza, akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii kadi ya dhahabu, wewe ulifanya nini hapa?" Nikamwambia niliitengeneza. Akasema, "Hilo naliona. Nauliza ulifanya nini." Sikuwa na jibu kwenye ukurasa. Jibu lilikuwa kichwani mwangu tu.

Kwa mfano ile kadi ya mchango ya familia moja ya Mbagala. Walengwa wengi walikuwa wazee. Kadi ya kwanza waliyoleta ilikuwa na maandishi ya pointi 8, yenye mikia, rangi ya dhahabu juu ya krimu, na namba za simu za wanakamati zimejipanga kama mchwa. Watu walikuwa wanapiga simu kuuliza tarehe ambayo imeandikwa kwenye kadi. Nilipandisha maandishi hadi pointi 11, nikaacha namba mbili tu, nikaweka tarehe juu badala ya chini, na dhahabu nikaiacha kwenye ukingo, kwa sababu mama wa bibi harusi aliitaka na alikuwa na haki yake. Nikapanga majina ya wazazi wa pande zote mbili ili hata mjomba mkubwa asiseme amewekwa chini. Kadi 400, siku mbili. Hiyo ni kazi ya kufikiri. Mwajiri aliona maua.

Kwa hiyo nilizipunguza kazi kutoka 38 hadi nane, na chini ya kila moja nikaandika mistari minne: mteja alikuja na shida gani, kilichonibana ni nini, niliamua nini, ilitoka vipi. Nikaweka picha ya kadi ya zamani pembeni ya mpya. Kisha nikaongeza kazi mbili nilizojituma mwenyewe, bila mteja. Moja ni chati ya rangi za daladala. Yeyote anayekaa Dar anajua kwamba ule mstari wa rangi ubavuni mwa gari unaonyesha njia yake, lakini mgeni hajui, nami nilichora karatasi moja ya kumsaidia mgeni. Iliulizwa kwenye kila usaili uliofuata.

Ukitaka maelezo zaidi kutoka kwa mtu aliyeifungua kazi yako, usimwambie "naomba mnieleze nilipokosea". Swali hilo ni kubwa, linamlazimu kuandika insha au kukudanganya kwa upole. Mimi huuliza hivi: "Kati ya kazi hizi, kama mngelazimika kutoa moja, mngetoa ipi?" Niliwauliza hivyo watu 11, wanne wakajibu, na wawili kati yao wakataja ukurasa uleule. Niliutoa jioni ileile. Ulikuwa ukurasa nilioupenda.

"Tutengenezee sampuli kwanza"

Nitasema waziwazi: hapa niliumizwa. Ofisi moja ilinipa mtihani wa nembo na mabango matatu kwa siku nne. Nilikesha. Nikatuma kila kitu, hata faili la Illustrator, programu ya kuchorea, lenye tabaka zake zote, yaani faili ambalo yeyote anaweza kulibadilisha. Kimya. Miezi miwili baadaye naona bango kubwa barabarani, mpangilio ni wangu, rangi ndizo zilizobadilishwa.

Mtihani wenyewe si dhambi. Mwajiri ana haki ya kuona unavyofikiri. Ila kabla hujakaa chini uliza mambo matatu kwa maandishi: kazi hii itatumika kweli au ni ya zoezi? Inatarajiwa kuchukua saa ngapi? Ikitumika, malipo yakoje? Mwenye nia njema anajibu bila kuudhika. Mimi natoa saa tatu, basi. Natuma michoro ya penseli na ukurasa mmoja uliokamilika, PDF ya ubora mdogo, jina langu limepita katikati kwa mshazari. Faili lenye tabaka halitoki bila mkataba.

Tena ujue haki yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapoumbwa. Kusajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakusaidia ukija kudai, lakini haki haianzii kwenye usajili. Wazo tupu halilindwi, kinacholindwa ni ule mchoro uliouchora, kwa hiyo usimwage mawazo kumi kwa mdomo kwenye usaili. Barua pepe uliyotumia sampuli itunze, ina tarehe.

"Siku hizi tunatumia Canva"

Yaani ile programu ya mtandaoni ambayo hata asiye dizaina anapangia tangazo. Au "akili mnemba inatufanyia". Siku hizi jibu hili linakuja sana, na linatisha kwa sababu lina ukweli ndani yake. Usibishane nalo. Uliza: "Na faili za kwenda kwa mchapaji nani anaziandaa?"

Meneja mmoja aliyenijibu hivyo alinyamaza, kisha akanionyesha kalenda yao ya mwaka ule. Bluu ya kampuni ilikuwa imetoka zambarau. Kwenye kioo cha simu ilikuwa bluu safi. Nilimweleza kwamba kioo kinachanganya mwanga na mashine inachanganya wino, kwamba bluu ile ya RGB, rangi za kioo, ikipelekwa CMYK, rangi za wino, bila kurekebishwa hujaa wino wa majenta, na kwamba hata pembeni hawakuacha ziada ya milimita 3, ndiyo maana kisu kiliacha ukingo mweupe. Hayo nilifundishwa na Babu, siyo darasani. Yule meneja, aliyekuwa amesema hana nafasi, alinipa mkataba wa miezi mitatu wa kusimamia machapisho. Nipo nao mpaka leo.

Na nyumbani

Hili nimeliweka mwisho ila kwangu lilikuwa zito kuliko yote. Mama alikuwa ananiuliza kila jioni, "Mwanangu, hawajakupigia?" Mjomba naye kila sikukuu anakuja na nafasi ya kufundisha shule ya msingi. Wananipenda. Lakini swali la "hawajakupigia" halina jibu zaidi ya hapana, na kusema hapana kila siku ni kujikataa mwenyewe mara ya pili.

Nilianza kumpa mama habari za daftari kila Jumamosi tu: wiki hii nimetuma matatu, mawili yamefunguliwa, Jumatano nafuatilia moja. Kufikia wiki ya tatu aliacha kuuliza kama wamenipigia. Alikuwa anauliza, "Na yule wa Jumatano, faili lilimfungukia?"